Jamii ya Vitanda: Ufundi wa Kupanga Mitambo Inayofanya Kazi kwa Mikupuo

Ukumbi wa kunyaushia majani ndio sehemu tulivu kuliko zote katika kiwanda cha chai. Mashine zinanguruma kwingine. Humu kuna mvumo wa feni na harufu ya majani mabichi basi. Vitanda virefu vimepangwa sambamba, kila kimoja na wavu wake wa waya, uwazi wa kupitishia hewa chini ya wavu, na feni kubwa upande wa kichwani. Mgeni akipita ataona kitu kimoja kilichorudiwa mara nyingi. Msimamizi wa zamu ya usiku haoni hivyo. Kwake yeye kitanda cha tatu ndicho kinachowahi, kwa kuwa kipo jirani na bomba la hewa ya moto. Cha saba kina mota ndogo, iliyofungwa baada ya ile ya awali kuungua. Cha mwisho kiliongezwa baadaye, na ni kirefu kuliko wenzake kwa mita kadhaa.

Sasa mpe mtu kazi ya kuandika programu ya kuviendesha vitanda hivyo. Kabla hajagusa waya wala kompyuta, ana swali la kujibu: hapa kuna vitu vingapi? Ni kitu kimoja chenye nakala nyingi, au ni vitu vingi vilivyofanana sura? Akijibu ovyo, kiwanda kitaishi na jibu hilo miaka 20. Akijibu vizuri, hakuna atakayemshukuru, maana kila kitu kitaonekana kama kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna ufundi mkubwa katika kulijibu swali hilo, na haupati sifa unazostahili.

Nautazama ufundi huu kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwa sababu chai ya huko inaueleza vizuri kuliko vitabu. Ukitoka Muheza mjini na kupanda kuelekea Amani unaiacha michungwa ya bondeni na kuingia kwenye misitu, kisha mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa. Chai ilianza kupandwa nchini Tanzania mwaka 1904, na Amani ni mojawapo ya mahali ilipoanzia, miaka miwili baada ya Wajerumani kufungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na viumbe hapo hapo. Njia ya kuitengeneza chai nyeusi inajulikana. Jani linachumwa, linapimwa, linanyaushwa kwa saa 12 hadi 18, linasagwa, linaachwa lichachuke kwa saa moja au mbili, linakaushwa mpaka unyevu wake ubaki kama asilimia 3, kisha linachekechwa na kupangwa kwa madaraja. Kilo 4 na nusu hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu.

Kunyausha ni kazi ya mkupuo. Kiasi fulani cha majani kinaingia kitandani, kinafanyiwa mambo fulani kwa mpangilio fulani, kinatoka, na kitanda kinakuwa tayari kupokea kingine. Ndivyo inavyopikwa bia, ndivyo inavyochemshwa sukari kwenye masufuria ya mvuke, ndivyo unavyogandishwa mtindi, ndivyo zinavyochanganywa rangi na dawa za hospitali. Viwanda vya namna hii viliwasumbua sana wahandisi wa udhibiti. Kiwanda cha saruji au cha kusafisha mafuta kinaenda mfululizo, leo kama jana. Cha mikupuo kinabadilika kila saa: leo bia hii, kesho ile, katika tangi lile lile. Kwa miaka mingi kila kampuni iliandika programu zake kivyake, ikichanganya humo humo maelezo ya bidhaa na maelezo ya mitambo. Kubadili kipimo kimoja cha bidhaa kulimaanisha kumwita aliyeandika programu, kama bado yupo.

Mwaka 1988 chama cha Marekani cha wataalamu wa vipimo na udhibiti, ISA, kiliunda kamati ya kulishughulikia jambo hilo. Kazi yake ikachapishwa mwaka 1995 kwa jina la ISA-88, baada ya wenzao wa viwanda vya kemikali vya Ujerumani kutoa mwongozo wao mwaka 1992 uliowasaidia sana. Kiini chake kinaelezeka kwa maneno machache: yatenge mapishi na vyombo. Mapishi yanasema bidhaa inataka nini: kiasi gani, joto gani, muda gani, kwa mpangilio upi. Vyombo vinasema vinaweza nini. Mpishi asijue waya wa feni umepita wapi, na feni isijue inapuliza majani ya shamba gani.

Lakini mapishi yakitengwa na vyombo, lazima pawe na mahali vinapokutana, na mahali hapo ndipo jamii ya mitambo inapofanya kazi. Nasema jamii kwa maana ile ya jamii ya kunde au jamii ya paka. Mapishi hayaandikwi kwa kutaja kitanda cha saba. Yanaandikwa kwa kutaja jamii: "nipe kitanda cha kunyaushia chenye hewa ya moto, kinachobeba kilo zisizopungua kiasi hiki." Siku ya kazi ikifika, mfumo unatazama vitanda vyote vya jamii hiyo, unachagua kilicho tupu na kinachofaa, na kukikutanisha na mapishi. Kesho mapishi yale yale yataangukia kitanda kingine, na jani halitajua tofauti.

Ukitaka kujua asili ya wazo lenyewe, limetoka katika fani nyingine kabisa. Miaka ya 1960 kule Oslo, Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitunga lugha ya kompyuta ya Simula ili kuiga mambo yanayotokea duniani, foleni na michakato ya kazi. Toleo lao la mwaka 1967 ndilo lililowapa waandishi wa programu jamii kama tunavyoijua: andika sifa na tabia mara moja, kisha zalisha nakala upendavyo. Tofauti ni kwamba mwandishi wa programu za benki anaweza kujitungia jamii zake mezani. Anayepanga mitambo hawezi. Vitu vyake vimekwisha kufungwa kwenye zege, vina kutu, vina historia, na havijali alivyochora.

Tuvirudie vitanda, maana uzuri wa kazi hii hauonekani mpaka mtu akae na kitu kimoja kwa muda.

Hatua ya kwanza ni kuweka mpaka. Kitanda kinaanzia wapi na kuishia wapi? ISA-88 inatoa kanuni moja ambayo mimi naipenda kuliko zote: kitengo kimoja, hapa kitanda, hakishughuliki na mikupuo miwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usiulize chuma kimekatwa wapi, uliza majani ya mkupuo huu yamekaa wapi. Wavu umo, uwazi wa chini umo, feni imo, kilango cha kurekebisha hewa kimo, vipimajoto vimo. Boila haimo, kwa kuwa joto lake linahudumia vitanda vyote. Bomba kuu la hewa ya moto nalo halimo, lakini vali inayochukua hewa kutoka kwenye bomba hilo na kuiingiza kitandani imo. Mpaka umepita katikati ya bomba, mahali ambapo hakuna alama yoyote ya rangi. Aliyeuona mpaka huo ameielewa nusu ya kazi. Boila sasa inakuwa mali ya wote, na mali ya wote inahitaji utaratibu wa zamu: nani anapewa joto kwanza vitanda sita vikiliomba kwa pamoja? Ungeingiza boila ndani ya jamii ya kitanda, swali hilo lisingekuwa na pa kukaa, na lingejitokeza lenyewe usiku wa mvua.

Hatua ya pili ni kutazama tofauti na kuzipangia ngazi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza anaona kila tofauti ni kubwa. Kitanda cha saba kina mota ndogo, basi ni jamii yake. Cha mwisho ni kirefu, basi ni jamii yake. Anamaliza na jamii nyingi karibu sawa na vitanda, na hakuna alichookoa. Wa pili haoni tofauti yoyote. Anaunda jamii moja kubwa iliyojaa maswali: je, kina hewa ya moto? je, kina feni mbili? je, ni cha zamani? Kila mstari wa programu yake unaanza kwa "ikiwa". Miaka mitatu baadaye hata yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

Milima ya Usambara, iliko Amani, ina kisa chake kuhusu jambo hili, na si cha mitambo. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Wendland, alilipa jina la kitaalamu ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Lilikuwa limepelekwa kwao na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Tanga, ndiyo maana likaitwa Saintpaulia. Leo limo madirishani duniani kote. Katikati ya karne ya 20 mtaalamu mwingine, B. L. Burtt, aliyachunguza maua ya aina hiyo kutoka milima mbalimbali akayagawa katika spishi 20 hivi, akitegemea kwa kiasi kikubwa vinyweleo vya juu ya majani: virefu, vifupi, vilivyolala, vilivyosimama. Baadaye vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana kwamba mgawanyo huo ulikuwa umekwenda mbali mno. Spishi nyingi zikaunganishwa, na mwaka 2015 Saintpaulia nzima ikahamishiwa ndani ya jenasi kubwa zaidi ya Streptocarpus.

Vinyweleo vilikuwepo kweli, na Burtt aliviona sawasawa. Ila havikuwa na uzito aliovipa. Hilo ndilo linalomkuta mpangaji wa mitambo kila siku. Mota ndogo ya kitanda cha saba ipo kweli. Swali ni moja tu: mapishi yanaijali? Mapishi yanaomba hewa ya kiasi fulani kwa muda fulani. Ikiwa kitanda cha saba kinaweza kuitoa, japo kwa kujikaza, basi ni cha jamii ile ile, na uwezo wake mdogo unaandikwa kama sifa: kiwango cha juu cha hewa, kiasi fulani. Urefu wa kitanda cha mwisho nao ni sifa: kinabeba kilo nyingi zaidi. Ukaribu wa cha tatu na bomba la moto si sifa ya kuandika popote, kwa kuwa kipimajoto cha kitanda chenyewe kitaushughulikia. Vali itafungwa mapema kidogo, basi.

Tofauti ya mota haipotei. Inashuka ngazi. Chini ya kitanda kuna vifaa vinavyokiunda, navyo vina jamii zao: mota inayowashwa na kuzimwa tu, mota inayobadilishwa kasi, vali ya kufungua na kufunga, vali ya kurekebisha kidogo kidogo, kipimajoto. Kitanda cha saba kinaweza kutofautiana na wenzake huko chini na bado kikawa ndugu yao huku juu. Mtunza stoo wa vipuri anaiangalia ngazi ya chini, mwandishi wa mapishi anaiangalia ya juu, na kila mmoja anaona dunia iliyokamilika. Napata furaha ya kweli kila ninapoukuta mchoro uliopangwa hivyo, kila tofauti imekaa kwenye ngazi yake, hakuna iliyofichwa na hakuna iliyokuzwa.

Halafu kuna tofauti moja ambayo ni kubwa kweli. Tuseme vitanda viwili vya zamani, vile vya upande wa nyuma, havikuwahi kuunganishwa na bomba la hewa ya moto. Vina hewa ya kawaida tu. Usambara Mashariki iko karibu na bahari na inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Amani. Masika na vuli jani linafika kiwandani likiwa linachuruzika maji. Jani la namna hiyo halinyauki kwa hewa iliyoshiba unyevu. Msimamizi anatazama vipimajoto viwili vilivyotundikwa ukutani, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa utambi uliolowa. Vikikaribiana, hewa haina tena nafasi ya kubeba maji, na lazima ipashwe moto, kwa kawaida bila kupita nyuzi 35 ili jani lisiungue. Mapishi ya siku ya mvua yanataka hewa ya moto. Vitanda viwili vya nyuma haviwezi. Hapo mapishi yanajali, na hapo ndipo jamii inapogawanyika: vitanda vya kunyaushia kwa ujumla wake, na ndani yake vile vyenye hewa ya moto. Siku ya jua vyote vinaitika. Siku ya mvua vinaitika vile vinavyoweza, wala hakuna kijana wa zamu atakayepeleka majani yaliyolowa mahali yatakapooza.

Hatua ya tatu ni kuandika vitenzi. Jamii inajulikana kwa kile inachoweza kufanya, na orodha ya matendo ya kitanda ni fupi: pokea, puliza baridi, puliza moto, pindua, poza, toa. Naomba msomaji asiidharau orodha hii kwa ufupi wake. Kila neno ni ahadi kwamba tendo hilo litamaanisha kitu kile kile kwenye kitanda chochote cha jamii hiyo. "Puliza moto" hupewa joto na muda. Jinsi gani vali inafunguka na feni inaanza kwa kasi ipi ni siri ya kitanda. Kupindua majani hufanywa na watu, kwa mikono. Hilo halitoi kazi hiyo nje ya mpango. Tendo linaanza, taa inawaka, wafanyakazi wanapindua, wakimaliza wanabonyeza kitufe, tendo linakamilika. ISA-88 yenyewe inasema muundo wake unafaa kwa kiwango chochote cha utumiaji wa mashine, hata pale kila kitu kinapofanywa kwa mkono. Maana yake kiwanda kisicho na kompyuta hata moja kinaweza kupangwa hivi kwa chaki na ubao, na kikafaidika.

Tendo nalo lina hali zake: limetulia, linaendelea, limekamilika, limeshikiliwa, limekoma, limekatizwa. Kwenye vitabu hali hizi huchorwa kwa viduara na mishale, zinafanana kwa kila mtambo, na vijana wengi huzinakili bila kuzifikiria. Hapa ndipo natofautisha fundi na mwigaji. Chukua hali ya kushikiliwa. Kuna hitilafu ndogo, tunataka kusimamisha kazi kwa muda bila kuuharibu mkupuo. Kwenye tangi la kuchanganyia rangi, kushikilia ni rahisi: funga vali, simamisha kila kitu, ngoja. Mwigaji ataandika hivyo hivyo kwa kitanda cha chai, na atakuwa ameua majani. Jani lililochumwa bado linapumua, na kupumua kunatoa joto. Likiwa limerundikwa kwenye tabaka nene bila hewa kupita, joto hilo halina pa kwenda. Majani ya katikati yanapata moto, yanakuwa mekundu, na chai yake haitapona hata ukiifanyia nini. Kwa kitanda, kushikilia ni kufunga hewa ya moto na kuiacha feni iendelee kupuliza hewa ya kawaida. Mtambo umeshikiliwa na feni inazunguka. Ukiliona hilo kwenye mchoro wa mtu ujue alikwenda ukumbini akauliza.

Na feni yenyewe ikizima, umeme ukikatika? Hapo jamii nzuri haijidai. Inatangaza kwa sauti kitanda kipi kimepoteza hewa na tangu saa ngapi, ili watu waanze na kile kilichokaa muda mrefu zaidi, wakayatandaze majani kwa mikono. Kukiri kile ambacho mtambo hauwezi kujifanyia ni sehemu ya muundo, sawa na kuorodhesha unachoweza.

Jinsi ya kujua jani limekwisha kunyauka ni jambo lenye utata wake. Vipimo vipo. Majani mabichi yana maji asilimia 75 hadi 80, na kwa mashine za kusagia za CTC yanatakiwa yashuke mpaka kama asilimia 70. Ukikipima kitanda kizima uzito wake, unaweza kukokotoa. Lakini mzee aliyefanya kazi hiyo miaka mingi anachota majani kwa kiganja, anayafinya, anafungua mkono na kuyatazama yanavyojikunjua. Kijana wa vipimo akiwa na adabu atasema, "Shikamoo mzee, tayari?" na mzee atajibu, "Bado mwanangu, hili bado linasimama." Mpangaji mwenye akili anaiachia nafasi hukumu hiyo. Kwenye jamii ya kitanda anaweka sharti la kumaliza linaloweza kutimizwa na kipimo au na mtu aliyepewa mamlaka, na linaandika nani aliamua na saa ngapi. Baada ya misimu michache mtakuwa na kumbukumbu za mzee na za mizani pamoja, na mtajua mizani inakosea wapi.

Mikupuo inafia kwenye mashine za CTC. Mashine hizi, zilizobuniwa Assam mwaka 1930 na William McKercher, zina magurudumu yenye meno yanayosaga, kuchana na kuviringisha jani kwa mpigo mmoja, na zinakula mfululizo. Majani ya kitanda cha tano yanafuatwa na ya cha sita bila mwanya. Kuanzia hapo hadi kwenye kikaushio kazi ni mtiririko, na anayelazimisha lugha ya mikupuo huko anajitesa. Kinachotakiwa ni kuandika saa kila kitanda kilipoanza na kumaliza kumwagwa. Mwisho wa mstari chai kavu inafungwa upya kwa mafungu, na mafungu hayo ndiyo yanayopelekwa sokoni; kwa miaka mingi mengi yalipitia mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956. Mnunuzi akilalamikia fungu, saa zile zitakurudisha hadi kitandani.

Kwingine nitapita haraka. Masufuria ya kuchemshia sukari pale TPC Moshi na Kilombero, matangi ya kuchachushia bia Dar es Salaam au Ruaraka, matangi ya mtindi ya kiwanda cha maziwa cha Tanga Fresh: vyote ni vyombo vya mikupuo, vyote vinakuja kwa safu, na kila safu inauliza swali lile lile la vitanda. Tangi la bia lina hoja nzito kuliko kitanda, kwa kuwa linaoshwa baada ya kila mkupuo, na usafi unakuwa sifa inayobadilika: tangi chafu, tangi lililooshwa, tangi lililooshwa lakini muda wake umepita. Sufuria la sukari lina ugumu wa chembe zinazokua humo ndani. Hoja ya msingi haibadiliki.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Majina ya jamii, matendo na hali yaandikwe kwa Kiswahili kwenye skrini za viwanda vyetu. Nimeona skrini zenye maneno ya kigeni yaliyofupishwa hadi herufi nne, na mfanyakazi amekariri rangi na mahali pa kitufe badala ya maana yake. Skrini ikibadilishwa mpangilio, anapotea. "Imeshikiliwa" haihitaji kukaririwa. Haiongezi hata shilingi moja kwenye gharama ya mtambo, na inampa mtu wa zamu haki ya kuelewa anachokiendesha.

Ufundi huu una hatari yake. Ukisahihisha kosa kwenye jamii, limesahihishwa kwa vitanda vyote usiku huo huo. Ukiingiza kosa, nalo limeingia kwa vyote usiku huo huo. Kwa hiyo wanaojua hawabadilishi jamii katikati ya masika. Wanajaribu kwenye kitanda kimoja kilicho tupu, wanasubiri, wanaandika namba ya toleo na tarehe, na wanabaki na toleo la zamani ambalo wanaweza kulirudia. Uvumilivu huo hauonekani popote kwenye chai inayonywewa. Unaonekana kwenye kiwanda ambacho mwaka wa kumi kinaongeza kitanda kipya, fundi anaunganisha waya, anakipa namba, anajaza urefu wake na nguvu ya feni, na kitanda kinajua kupokea, kupuliza, kushikilia na kutoa siku ile ile.

Kwa vijana wa VETA Tanga na wa vyuo vingine vya ufundi mnaosomea umeme na udhibiti wa mitambo, nina ombi moja. Mkipelekwa mazoezi ya vitendo kwenye kiwanda cha chai, msikimbilie chumba cha kompyuta. Ombeni zamu ya usiku ya kunyausha. Nendeni na daftari, pitieni kitanda kimoja kimoja, andikeni kila tofauti mnayoiona, kisha mkae na msimamizi mumwulize zipi zina maana kwake na kwa nini. Hiyo orodha itakayobaki baada ya yeye kuzikata zisizo na maana ndiyo rasimu yenu ya kwanza.